Siku Mbuzi Iliponyamaza

Jana mwanangu wa mwisho alimwita dadake mshenzi, kisa kalamu. Nilimgombeza kupita kiasi, hata dadake akaanza kumtetea.

Ilikuwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, likizo yangu ya kwanza ya chuo. Nyanya amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mimi nipo kizingitini na daftari, namsomea kwa sauti kwa kuwa alipenda kusikia tunafunzwa nini. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Lewis Henry Morgan, wakili wa Rochester, Marekani, na kitabu chake cha 1877. Wanadamu wote kawapanga kwenye ngazi moja. Nikatafuta Kiswahili chake, yakaja maneno ya mtaani: ushenzi chini, ustaarabu juu. Cha katikati nilikosa neno, nikakiruka. Ufinyanzi humpandisha mtu, chuma humpandisha zaidi, na mwenye maandishi ndiye mstaarabu.

Mbuzi ikanyamaza. Nyanya alibaki ameshika kifuu, nazi imemganda vidoleni, hata kwenye dole gumba lile alilotilia sahihi maisha yake yote. Alizaliwa Kaloleni, huko bara ya Kilifi, akaolewa Mji wa Kale, na neno lile, ushenzi, niliwahi kulisikia humo humo nyumbani, kwa mawifi zake, wakidhani hasikii.

"Na mimi," akauliza taratibu, "huyo wakili kaniweka wapi?"

Nilifunga daftari. Nikasema, ni mambo ya kitabu tu, Nyanya. Akageuza kifuu, akakuna, akakuna, mpaka nazi ikawa inatoka na weusi. Tui la siku ile lilikuwa la kijivu. Hakuna aliyeuliza.

Muhula uliofuata tukafika kwa Franz Boas, mwanaanthropolojia aliyeandika 1896 kwamba mila kufanana si ushahidi kuwa watu wote wamepita njia moja; kila jamii ichunguzwe kwa historia yake. Nikarudi Mombasa na jibu hilo mbio mbio. Nyanya alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo ana adabu. Na yule wa kwanza, mwaendelea kumsoma?"

"Ndiye tunayeanza naye, Nyanya."

Hakusema kitu.

Lakini Morgan aliandika Kiingereza. Maneno niliyoyachagua mimi yalikuwa yetu, na ustaarabu wenyewe asili yake ni kufanana na Mwarabu. Labda ngazi ile Nyanya aliikuta mlangoni siku aliyoingia bibi harusi, nami nikaileta tena nikidhani ni elimu mpya.

Asubuhi hii mdogo kaniuliza, mshenzi ni nani hasa. Nimemwambia angoje nirudi kazini.