Chokaa kwenye pampu na hita za tangi la samaki: tindikali ipi, kiasi gani

Ukoko mweupe unaoganda kwenye hita na ndani ya pampu ni kalisi kaboneti, ileile inayojenga makombe ya konokono. Huanzia hapo kabla ya kioo kwa sababu ina tabia ya kinyume: sukari huyeyuka upesi maji yakiwa moto, kalisi kaboneti hujitenga na kuganda. Kwenye matangi ya maji ya chumvi huongezeka mwani wa rangi ya waridi ambao nao hujijengea ukuta wa kalisi. Ukikwangua kwa kisu utaacha mikwaruzo, na ukoko mpya hushika papo hapo penye mikwaruzo.

Siki nyeupe ya asilimia 5 inatosha kwa kazi nyingi. Lita moja ina takriban gramu 50 za tindikali, na hizo huyeyusha kama gramu 40 za chokaa, basi, nguvu zimekwisha. Wanaolalamika kwamba siki haifanyi kazi mara nyingi wametumbukiza pampu yenye ukoko mnene kwenye kibakuli. Angalia viputo. Vikikoma huku ukoko bado upo, mwaga, weka siki mpya. Na ile hila ya kuchanganya siki na soda ya kuokea ili povu lifoke haisafishi chochote; hivyo viwili vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe.

Asidi ya sitriki ya unga haina harufu kali na ni rahisi kuhifadhi. Gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu zinatosha. Hapa watu hukosea kwa kuongeza unga na kuchemsha maji wakitaka kuharakisha. Myeyusho ukiwa mzito na wa moto hutengeneza kalisi sitrati, unga mweupe usioyeyuka kirahisi, unaofanana kabisa na ukoko uliokuwa ukiuondoa. Mtu akiuona huongeza unga tena, na mambo yanazidi kuharibika. Suuza, piga mswaki, anza upya na myeyusho mwepesi uliopoa.

Asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia mabwawa ya kuogelea yenye nguvu ya takriban asilimia 31, si ya kukimbilia. Ikiwa lazima, tia sehemu moja ya tindikali kwenye sehemu kumi za maji. Tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukigeuza, joto linaweza kuirusha usoni. Fanyia nje, vaa miwani ya kinga na glavu ndefu, na weka soda ya kuokea karibu kwa ajili ya kilichomwagika. Mvuke wake hutia kutu vyuma vilivyo jirani, na kifaa chochote chenye skrubu au mhimili wa chuma kisiingie humo.

Tindikali yoyote, hata siki, isikutane na dawa ya kufulia yenye klorini. Hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Ndoo iliyokuwa na klorini ioshwe mpaka harufu iishe kabla ya kutiwa siki. Chombo nacho kisifunikwe kwa kukazwa, maana viputo ni kaboni dayoksaidi na vinaweza kukipasua.

Pampu ifunguliwe kabla ya kulowekwa. Ichomoe kwenye umeme, toa kifuniko, vuta impela, yaani kipande chenye mapanga kinachozunguka na kusukuma maji, pamoja na sumaku yake. Tazama sumaku kwenye mwanga, uipitishie ukucha. Ukihisi ufa au kivimbe, au ukiona doa la kahawia, usiiloweke, tafuta nyingine: tindikali ikipenya ganda linaloifunika, sumaku hushika kutu ndani, huvimba na kukwama kwenye tundu lake, huku metali ikivuja kwenye maji ya samaki. Sumaku nzima iloweke kwa dakika 30 hadi saa moja. Mwili wa pampu unaweza kukaa saa kadhaa, lakini raba ya kuziba maji itolewe ioshwe kwa maji tu. Mhimili wa kauri huvunjika kwa kuinamishwa kidogo, kwa hiyo uvute ukiwa umenyooka. Ndani ya tundu tumia mswaki mdogo wa chupa. Ukoko unaobaki chini kabisa ndio hufanya pampu iliyosafishwa iendelee kunguruma.

Hita ichomolewe na kuachwa ndani ya maji kwa nusu saa, kwani kioo chenye moto kikitolewa hewani au kutiwa kwenye siki baridi hupasuka. Kama haikutengenezwa kuzama yote, kichwa chenye waya kibaki juu ya siki.

Kipima pH, yaani kifaa cha kupima kiwango cha tindikali kwenye maji, hakihitaji zaidi ya dakika chache kwenye siki. Usisugue ile tufe ya kioo. Suuza, rudisha kwenye maji yake ya kuhifadhia, kisha kisawazishe upya kwa vimiminika vya pH 7 na 4, au 7 na 10.

Sifongo za chujio zisiguse tindikali kabisa. Bakteria wanaosafisha amonia wanaishi humo, na watakufa.

Kusuuza kuna hesabu yake. Mililita 10 za siki zilizosahaulika kwenye tangi la lita 100 hushusha ugumu wa kaboneti, yaani akiba inayozuia pH isiporomoke, kwa robo digrii hivi, samaki hawatatambua. Mililita 50 kwenye tangi la lita 20 hushusha karibu digrii 6, na pH inaweza kuporomoka. Kiasi hicho hujificha kirahisi kwenye mabomba ya chujio la nje. Kwa hiyo suuza mara mbili, washa pampu kwenye ndoo ya maji safi kwa dakika 10, mwaga, kisha ndipo irudi kwenye tangi.