Santuri za River Road
Jumamosi nilizunguka River Road, Nairobi, nikitafuta santuri ya benga, muziki wa gitaa wa Kenya, aliyokuwa akiipenda marehemu baba. Miaka ya 1970 na 1980 watayarishaji wa muziki walikuwa na maduka yao hapo, spika mlangoni, na santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilinunuliwa kwa jumla zikapelekwa mashambani. Siku hizi ni simu, vipuri na nguo. Kaseti za kurudufiwa ndizo zilizoanza kuwamaliza, kabla hata ya YouTube na Boomplay. Nashukuru duka la muziki la Melodica, Tom Mboya Street, imeng'ang'ania miaka yote hii.

Kusikiliza kwa simu ni rahisi, na mimi hufanya hivyo kila siku. Ninachokosa ni muuzaji unayemwimbia mstari mmoja tu, akakutajia bendi, mpiga gitaa na wimbo ulioko upande wa pili. Huo wa upande wa pili ndio unaoniuma: nyimbo nyingi za Kiluo, Kikamba na Kiluhya hakuna aliyezipakia mtandaoni. Jamani, kama nyumbani kuna santuri za wazee, msizitupe. Niandikieni, nitazifuata mwenyewe.