Saa sita za mitumba, Moshi: wiki ya tatu

Saa sita za mkononi zilizokufa kutoka soko la Memorial, zote za betri. Nne sasa zinatembea, moja inasubiri mashine (mtambo wa ndani unaoiendesha), moja imekuwa ya vipuri.

Tatu za mishale zina mashine ya Miyota 2035. Betri yake ni SR626SW, volti 1.55, ikisoma chini ya 1.5 kwenye multimita (kipima umeme), usiibembeleze. Wauzaji wengi watakupa AG4. Inaingia sawasawa na saa itatembea, ila ni ya alkali, na ikiisha ikasahauliwa humo huvuja. Ukoko inaouacha unatoka kwa tone la siki kwenye ncha ya kijiti cha meno, kisha spiriti, kisha ikauke kabisa.

Koili, yaani waya uliosokotwa unaosukuma mishale kwa umeme wa betri, ndiyo inayowaliza wanaoanza. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na uko jirani na betri: bisibisi ikiteleza mara moja, basi. Chokoa betri kwa kijiti cha mti, ukianzia upande usio na koili. Kama betri ni mpya na saa bado kimya, itoe upime koili. Nzima husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) elfu moja hadi elfu mbili na ushei. Isiposoma kitu, waya umekatika, na hapo ni kubadilisha mashine nzima.

Moja ilikuwa ikisimama kila baada ya dakika 65 hivi. Betri haina kosa hapo: mshale wa dakika unaugusa wa saa kila unapoupita. Ing'oe mishale yote, uirudishe ikielekea 12, halafu itazame kwa ubavuni. Lazima uone mwanga kati ya mshale na mshale.

Casio F-91W, saa ya tarakimu, ina skrubu nne na betri ya CR2016. Ukishaweka betri, gusisha sehemu yenye alama ya AC (ya kuianzisha saa upya) na upande chanya wa betri kwa kibano cha chuma, sekunde mbili, la sivyo kioo kinaweza kuonyesha takataka. Kuna springi ndogo ya mlio inayopenda kuruka ukifungua mfuniko. Fungulia ndani ya sinia.

Mafuta ya cherehani yasikaribie saa hizi, na feni izimwe. Vumbi la kiangazi linatosha kukwamisha gia.

Mashine mpya ikifika, kijiti chake cha taji (kitufe cha ubavuni cha kurekebishia saa) kitakuwa kirefu. Kikate kidogo kidogo, ukijaribisha kila mara, maana kikishapita kipimo hakirudi.