Siku yangu na Commodore 64 yenye skrini nyeusi

Saa 2 asubuhi. Mashine iko mezani tangu jana jioni. Mzee aliyeileta alinieleza kwa ufupi: "Mwanangu, taa nyekundu inawaka, lakini skrini haisemi kitu." Ndiyo aliyojifunzia kuandika programu, na ana kaseti moja anayotaka kuisoma tena.

Sikuiwasha. Kompyuta iliyoanza kuuzwa 1982 ikija na adapta yake ya zamani, mshukiwa wangu wa kwanza ni adapta. Ndani yake kuna rekebishi ya volti iliyofukiwa kwenye utomvu mgumu usiofunguka kirahisi. Ikizeeka, mara nyingi haikati umeme, inauzidisha. Plagi hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Niliweka rezista kubwa iwe mzigo, nikagusa mguu wa volti 5 kwa mita. Ilisoma 5.6. Chipu hizi zinataka 5, na kikomo ni 5.25. Nikaiandika "USITUMIE" kwa kalamu nene na kuiweka mbali na meza. Kila mwenye mashine hii angeanzia hapa kabla ya kubonyeza swichi hata mara moja, maana chipu za SID (ya sauti) na VIC-II (ya picha) hazitengenezwi tena, na dakika chache za volti za ziada zinatosha kuziua.

Saa 3. Skrubu tatu chini, waya wa kibodi, waya wa taa, na kifuniko kimetoka. Vumbi nilitoa kwa brashi. Fyuzi nzima. Soketi safi.

Saa 4 kasoro robo nikaiunga na umeme wangu mwenyewe: volti 5.02 kwenye bodi. Taa ikawaka, skrini nyeusi kama nilivyoambiwa. Lakini weusi una aina zake. Skrini ikisema hakuna mawimbi, VIC-II au umeme wake una shida. Hapa skrini ilipokea picha vizuri, ila picha yenyewe ilikuwa nyeusi tupu. Maana yake VIC-II inafanya kazi, na prosesa haijafika pale inapopaka rangi ya bluu ya skrini ya kuanzia. Nikaweka osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwenye prosesa, 6510: mapigo yapo, karibu milioni moja kwa sekunde, na mguu wa 40, ule wa kuanzisha upya, unapanda baada ya kuwasha kama inavyotakiwa. Prosesa inaamka, kisha inapotea njiani.

Wengi wakifika hapa wanang'oa PLA, chipu inayoamua prosesa izungumze na sehemu ipi ya kumbukumbu, kwa sababu inasifika kwa kufa. Nimeona bodi zilizochubuliwa hivyo, chipu tatu zimebadilishwa na ugonjwa uko palepale. Mimi nataka bodi iseme yenyewe.

Saa 4 na nusu nikachomeka katriji ya majaribio. Uzuri wake ni kwamba inalazimisha prosesa isome maagizo ya kwanza kutoka kwenye katriji badala ya ROM ya KERNAL, yaani chipu yenye programu ya msingi ya mashine, na inaweza kuanza kazi hata kama RAM, kumbukumbu ya kazi, ni mbovu. Nikasubiri sekunde kadhaa. Skrini ikawaka na kuzimika: mara nne. Ikatulia. Nikazima, nikarudia. Nne. Mara ya tatu, nne tena.

RAM ya mashine hii ni chipu nane aina ya 4164, na kila chipu inabeba biti moja tu ya kila baiti. Ndiyo maana kifo cha moja ni msiba wa zote: hakuna baiti hata moja kati ya 65,536 inayobaki salama. Prosesa inaandika humo anwani ya kurudia, ikija kuisoma inakuta namba nyingine, na safari inaishia hapo, kabla ya rangi yoyote. Mimweko minne kwenye bodi hii ni chipu ya U23. Nikaigusa kwa ncha ya kidole: ya moto, wakati jirani zake ni vuguvugu.

Saa 5 mpaka saa 8 nilikuwa na pasi ya kulehemu mkononi. Chipu mbovu haina thamani. Bodi ndiyo yenye thamani. Kwa hiyo sikujaribu kuitoa nzima. Nilikata miguu yote 16 kwa koleo dogo, mwili ukatoka, kisha nikavuta mguu mmoja mmoja kwa kibano huku nikipasha moto upande wa pili. Matundu nikayasafisha kwa pampu ya kunyonya risasi, na yale sugu nikayaongezea risasi mpya kwanza, maana ya zamani haiyeyuki vizuri. Tundu la mguu wa 16 ndilo gumu kuliko yote. Limeungwa na shaba pana ya ardhi, yaani upande wa volti sifuri, inayokimbiza joto. Hapo haraka ndiyo inayong'oa shaba.

Nikalehemu soketi, sikuweka chipu bado. Miguu ya anwani ya chipu zote nane imeunganishwa pamoja, hivyo nikapima kila mguu wa anwani wa U23 na mwenzake kwenye chipu ya jirani. Mita ililia kila mahali isipokuwa mguu wa 9. Pete ya shaba ilikuwa imelegea pale. Nikaunga waya mwembamba chini ya bodi, mita ikalia. Kisha umeme kwenye soketi tupu: volti 5 mguu wa 8, ardhi mguu wa 16. Kwa 4164 ndivyo ilivyo, kinyume na chipu nyingi za kawaida, na aliyezoea zile nyingine huunguza hapa.

Saa 9 kasoro, chipu mpya ndani, swichi juu. Nyeusi kwa muda mfupi, halafu bluu! "38911 BASIC BYTES FREE." Namba hiyo nimeiona mara nyingi na bado inanifurahisha, kwa sababu KERNAL huipata kwa kupima kumbukumbu yenyewe. Ingekuwa pungufu, ningerudi mezani. Nikaacha programu ya kupima RAM izunguke mpaka jioni. Hakuna kosa.

Saa 12 jioni mzee akafika na kaseti yake. Nilimwonyesha adapta mpya, nikamwomba ile ya zamani asiirudishe ukutani kamwe. Akaandika LOAD, akabonyeza kitufe cha kinasa. Mashine ikatangaza imeipata programu, halafu maandishi yote yakatoweka, skrini ikabaki bluu hafifu tupu.

Akanigeukia. "Imekufa tena?"

"Hapana, mzee. Inasoma. Huzima maandishi ili isikilize kaseti vizuri."

Tukakaa kimya tukisikia utepe ukizunguka. READY ilipotokea, akaandika LIST kwa vidole viwili, mistari ikaanza kupanda, na akaisogelea skrini ili aisome.