Tulivuka feri mara nne

Mwanangu wa miaka 15 alipokataa kwenda kanisani, kila niliyemweleza alinipa Mithali 13:24, ile ya fimbo. Hakuna aliyenikumbusha Waefeso 6:4, ambapo sisi akina baba tunaambiwa tusiwachokoze watoto wetu. Mzee mmoja akasema nimnyang'anye simu. Nikamnyang'anya. Wiki tatu nikawa napewa "ndiyo baba" na "hapana baba", basi. Nyumba ikawa kama ya matanga. Ushauri ule unaniuma mpaka leo.

Jumamosi moja nikamwambia twende Marikiti, soko la kisiwani Mombasa, anisaidie kubeba vitu. Tunakaa Likoni, kwa hivyo ni feri. Tukasimama ubavuni mwa chombo, sote twatazama maji. Tulipofika katikati akasema, bila kugeuka: "Baba, yule mwenzangu tulimwombea kanisa zima. Mbona alikufa?" Swali hilo aliwahi kuniuliza mezani, nikamjibu ni mapenzi ya Mungu, nikaendelea kula.

Mara hii sikujibu. Nikamuuliza anamkumbuka vipi. Tukashuka upande wa kisiwani bado anaongea, sauti inamkwama. Nikajua tukiingia tu kwenye kelele za matatu, atanyamaza. Nikamshika bega, tukarudi kupanga foleni, tukavuka tena. Tena. Na tena! Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hivyo nilitoa hela ya viazi karai na madafu tu, mia mbili na kitu. Marikiti hatukufika. Simu nilimrudishia jioni ileile. Mzazi mwenzangu, usimkalishe kijana mbele yako ukamkazia macho. Simama naye ubavuni, nyote mtazame kitu kingine.

Baadaye nikaomba nisaidie darasa la vijana. Niliweka kopo la maziwa, watumbukize maswali bila majina. Mengi yalikuwa ya maombi yasiyojibiwa, kumbe mwanangu hakuwa peke yake. Nikawapeleka Nyali, kwenye kaburi la Rosina, mke wa mmishenari Krapf. Alifariki mwaka 1844, yeye na kitoto chao kichanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Krapf hakuondoka, alienda kuanza kazi Rabai. Niliwaeleza hayo tu, nikanyamaza.

Mwanangu aliinama, akapangusa majani makavu kaburini kwa kiganja, polepole. Kisha akauliza kama anaweza kuomba yeye. Alimtaja mwenzake kwa jina.