Kumbukumbu ya mradi: taa za kijani zilizoyafanya mabasi yaandamane

Hatimaye jana usiku mabasi yangu ya mwendo kasi yalimaliza siku nzima ya kuigwa kwenye kompyuta bila kuandamana, yaani bila kukaribiana na kufuatana mkia kwa mkia, baada ya wiki tatu za kuhangaika na tatizo ambalo, nakiri, nililikuza mwenyewe.

Njia ninayoiiga ina vituo 12 na makutano 9 yenye taa, na basi hutoka kila baada ya dakika 6. Basi likichelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi, hukawia kupakia na kuzidi kuchelewa, ilhali la nyuma hukuta wachache na kulifikia. Watafiti Newell na Potts waliueleza mwenendo huu tangu mwaka 1964. Nilidhani kila basi kupewa kipaumbele kwenye taa kungesaidia. Kumbe hata basi lililokuwa likilikaribia la mbele lilifunguliwa njia, likawahi kuligusa mkia.

Nikaweka sharti: taa ya kijani irefushwe au iwahishwe endapo tu pengo kati ya basi na lililotangulia limezidi dakika 6. Hapo ndipo nilipokwama. Pengo nililipima kwa mita, kwa kuwa kifaa cha setilaiti hutoa mahali basi lilipo bila usumbufu. Lakini basi la mbele likisimamishwa na taa nyekundu, mita hupungua, mfumo huamini kwamba la nyuma limewahi, nalo hunyimwa kijani. La mbele likiondoka, mita huongezeka na uamuzi hugeuka. Nilibadilisha kizingiti mara zisizohesabika, nikaongeza kichujio cha Kalman (hesabu ya kulainisha vipimo vinavyoyumba), nikailaumu hata programu. Dawa ilikuwa nyepesi kiasi cha kunitia aibu: pengo sasa hupimwa kwa sekunde, kituoni, tangu milango ya basi lililotangulia ilipofungwa hadi inapofungwa ya hili, na thamani hiyo haiguswi mpaka kituo kinachofuata.

Si jambo dogo. Mabasi yakipita kwa mapengo ya dakika 2 na 10 badala ya 6 na 6, idadi yake ni ile ile, lakini abiria anayefika wakati wowote husubiri kwa wastani dakika 4.3 badala ya 3.

SUMO, programu niitumiayo kuiga mwendo wa magari, ni ya bure na inaiweza kazi hii, ila dirisha lake la picha hulaghai: nilipoteza jioni nyingi nikitazama vibasi vikitembea, badala ya kurudia jaribio mara mia bila picha na kuchora grafu ya mapengo.

Nilipanga kuendelea na mbao za kuwatangazia abiria muda wa basi kufika, lakini nimeziweka kando. Pengo lile lile linaweza kumwagiza dereva aliyewahi asubiri kituoni, na nusu ya kanuni hiyo nimekwisha kuiandika: asubiri nusu ya sekunde zilizopungua kufikia dakika 6, zisizidi 40, maana waliomo ndani hawapendi basi lililosimama milango wazi.