Prosesa yenye K, madabodi ya H61 na joto la Tabora

Ninahariri video za harusi hapa Isevya, Tabora. Harusi zikifuatana, kompyuta inayosuasua ni balaa: bibi harusi ameshamaliza fungate, wewe bado unamwambia "kesho, dada". Kwa hiyo nilipoipata Core i5-2500K iliyotumika, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, nilijiona nimemaliza. Ile K maana yake kizidishi, namba inayopanga kasi ya prosesa, hakijafungwa. Ukitaka unaipandisha kupita gigahezi 3.3 za kiwandani.

Nikaifunga kwenye madabodi yangu ya H61 (hilo ni jina la chipseti, chipu inayosimamia bodi). Nikaingia kwenye baiosi, ile menyu ya mipangilio ya madabodi, kutafuta pa kupandishia kasi, hakuna. Fundi alipoiona akacheka: "Dogo, umefunga injini ya Scania kwenye bajaji! Hapo tafuta P67, Z68 au Z77." Soketi ni ileile, LGA 1155, prosesa inakaa vizuri kabisa na mashine inawaka. Chipseti ndiyo inayokataa. Laiti ningeuliza kabla ya kulipa.

Z77 ilinifikia kwa basi kutoka Kariakoo. Kwa kuwa inazipokea zote mbili, jamaa yangu akaniazima i5-3570K yake tuzishindanishe. Ukisoma sifa, yake inashinda: ya 2012, teknolojia ya nanomita 22 dhidi ya 32 za yangu ya 2011, wati 77 dhidi ya 95, na kasi zikiwa sawa inaitangulia yangu kidogo. Ila ilikuwa Oktoba, mvua bado, bati linapasuka kwa jua. Tukaziweka zote gigahezi 4.4 kwa zamu, feni ileile. Yangu ikagota nyuzi 78. Yake ikavuka 90, nikazima mbio, maana si mali yangu. Siri iko chini ya kile kifuniko cha chuma: kizazi cha Sandy Bridge (yangu) kimeshikishwa kwa lehemu, Ivy Bridge (yake) wakapaka pesti ya kupitisha joto tu, joto linakwama humo humo.

Nikabaki na kizee changu. Nilipanda hatua moja moja, kila hatua naiendesha nusu saa, kwenye 4.5 ikaganda, na sikutaka kuongeza volti kwa joto hili. Nimeiacha 4.2. Video iliyokuwa ikichukua dakika 52 kutoka, sasa inachukua 42.

Ile H61 iko kabatini, nzima. Mwenye i3 yake, prosesa isiyopandishwa kasi, anitafute.